Mtaalamu wa Funguo za Tingatinga

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Hakuna stima upande wetu wa mji. Mgao tena. Mashine yangu ya kuchonga funguo imekaa kama sanamu. Nimeshinda na tupa mkononi, nikikwaruza shaba kama panya ghalani.

Asubuhi, habari mbaya. Hannah, msimamizi wa jengo letu hapa karibu na Barabara ya Kirinyaga, alisimama juu ya ngazi akatangaza kwamba chini ya ngazi hizi hakuwatoshi mafundi wawili wa funguo. Wapangaji wanajikwaa. Mwezi ukiisha, mmoja aondoke. Atabaki yule mwenye wateja wa maana.

Wateja wa maana! Alipotamka hivyo akamtazama Sifuna. Nimeona kwa macho yangu.

Sifuna anakaa kulia kwa ngazi, mimi kushoto. Mtu wa Bungoma, mpole, hana kelele. Hana hata bango. Mimi nina bango kubwa la rangi mbili: JAMLECK, MFALME WA FUNGUO. Watu hulisoma bango langu lote, neno kwa neno, kisha huenda kwa Sifuna. Siwaelewi watu.

Mchana, bahati! Sifuna alikuwa ameenda kula. Akaja mama mmoja mwenye viatu vya matope na kofia ngumu ya kazi kwapani. Akaniambia anaitwa Injinia Kavata, anasimamia ujenzi wa nyumba za ghorofa kule Loresho. Tingatinga lao la kuchimba limepoteza ufunguo. Ufunguo wenyewe ulidondoka kwenye zege bichi, na zege sasa limekuwa msingi wa nyumba. Tingatinga limeziba lango la kuingilia. Lori za saruji haziingii. Wanaouza mitambo hiyo wamemwambia funguo zimewaishia, asubiri.

Akauliza kama ninazijua funguo za mitambo.

Kuzijua? Nikamwambia hiyo ndiyo taaluma yangu hasa. Kufuli za nyumba nachonga tu kwa kujifurahisha.

Sijawahi kugusa tingatinga maishani. Lakini ufunguo ni ufunguo. Na injinia ni mteja wa maana. Hannah akisikia neno "injinia" itakuwa kwaheri Sifuna.

Nimemwambia nitafika kesho kwa uchunguzi. Sifuna alirudi akauliza kama kulikuwa na mtu. Nikamjibu, upepo tu.


Jumanne, 4 Agosti

Mtaalamu lazima avae kitaalamu. Sina koti jeupe. Nimeazima la Karanja, muuza nyama wa kwetu Mutuini. Lina doa mfukoni, lakini ukiweka mkono hapo halionekani. Mke wangu Wangeci alinitazama nikitoka akaniuliza, Baba Shiru, unaenda kutengeneza funguo ama kuchinja? Sikumjibu. Kazi kubwa haielezwi mlangoni.

Jambo ambalo sikulifikiria: mbwa wa Loresho. Mitaa ile ni ya matajiri, ua mrefu, mageti, na nyuma ya kila geti mbwa aliyeshiba. Wameshiba lakini bado wananusa. Koti la Karanja liliwaamsha wote. Wawili walitoka wakanifuata hadi penye ujenzi, mkia juu, kwa heshima kubwa, kama walinzi wa waziri. Injinia Kavata aliniuliza kama ni wangu. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Tingatinga lenyewe ni kubwa! La njano, mkono mrefu umekunjwa mbele kama panzi. Limekaa katikati ya lango, huwezi kupitisha hata mkokoteni. Dereva wake anaitwa Mwololo. Mkamba mwembamba, shati limefungwa hadi shingoni. Alikifuta kiti kwa leso yake kabla sijakalia. Ndiye aliyeuangusha ufunguo. Aliinama kumsaidia mwenzake kuinua mbao, ukachomoka mfukoni mwa shati ukazama.

Nikauliza kwa nini wasikate nyaya wakaliwasha hivyo hivyo. Injinia akakataa katakata. Kwenye kazi nyingine walifanya hivyo, mtambo ukawaka moto. Mkubwa wake wa kazi ameshasema: ikifika Ijumaa tingatinga halijatoka langoni, ataleta dereva mwingine na mtambo mwingine. Injinia alisema hayo kwa sauti ya chini, lakini Mwololo alisikia. Alijifanya anakaza nati.

Nikafanya uchunguzi. Nikaingiza kijiti kwenye tundu la swichi. Nikaingiza kipande cha karatasi. Nikanusa. Usoni mwa swichi kulikuwa na tarakimu zimechongwa, ndogo ndogo. Nikazipuuza. Mtaalamu hababaiki na tarakimu. Injinia akaanza kunisomea, nikainua mkono kumnyamazisha. Nikamweleza kwamba kila tingatinga lina siri yake kama alama za kidole cha mtu, na siri hiyo mimi naisikiliza, siisomi.

Alinitazama kwa muda mrefu. Heshima, bila shaka.

Mwololo alinigawia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kutoka mkebe wake. Mtamu! Akaniambia mkewe amelazwa hospitali kubwa, anangoja kujifungua, na hajamwambia habari za ufunguo kwa kuogopa kumpandisha presha. Kisha akauliza polepole, "Fundi, utaweza lakini?"

Nikamwambia alale kama mtoto.


Jumatano, 5 Agosti

Sikulala kama mtoto. Siri ya tingatinga haijanifikia.

Lakini nina akili. Sifuna ana ubao wa funguo za mfano ukutani, kila mmoja na kibandiko cha rangi. Wateja wa mitambo huwa wanakuja kwake, nimewaona, wanaume wa mikono mipana. Kwa hiyo ufunguo wa tingatinga uko pale, umening'inia, unanicheka.

Nikafanya hesabu ya kimantiki. Tingatinga ni la njano. Kwenye ubao kuna ufunguo mmoja tu wenye kibandiko cha njano. Na juu yake Sifuna ameandika kwa wino: CH. Nikafikiri. CH. Chimba! Mtambo wa kuchimba. Sifuna anajiona mjanja, lakini anaandika kama mtoto wa nasari.

Aliposhuka kwenda kula, nikavuka. Mkononi kipande cha sabuni ya kufulia. Nikaubonyeza ufunguo ubavu mmoja, nikaubonyeza ubavu wa pili, nikaurudisha msumarini. Mpangaji mmoja akateremka ngazi akaniona na sabuni. Nikaanza kunawa mikono, bila maji. Akaendelea na safari yake.

Kutwa nzima nimechonga kwa tupa. Nimekata shaba kwa upole, nikilinganisha na sabuni, nikapuliza, nikalinganisha tena. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hata zile herufi CH nimezichora kwa msumari, ili uonekane ni wa kampuni.

Sifuna aliniona nimejikunja juu ya jiliwa la kubania shaba akaniuliza kama nimepata kazi nzuri. Nikamwambia ya injinia. Akafurahi! Akasema, "Vizuri jirani, hata mimi nilikuombea." Mnafiki mkubwa.

Nimemwonyesha Wangeci ufunguo. Akauliza mbona unanuka sabuni. Nimemwambia ndivyo zinavyonuka mpya.


Alhamisi, 6 Agosti

Afadhali nisiandike. Naandika.

Nilifika Loresho asubuhi na baridi kali. Mbwa wangu wawili walinipokea. Injinia Kavata, Mwololo, wapiga zege, wote walikuwa wamejipanga. Mtu mmoja alikuwa amekuja na kamera ya simu. Nilipanda kwenye tingatinga taratibu, kama padri anayepanda madhabahuni. Nikautoa ufunguo. Nikauinua, wauone.

Haukuingia.

Si kwamba uliingia ukakataa kuzunguka. Haukuingia hata ncha. Ulikuwa mpana kuliko tundu lenyewe.

Nikawaambia swichi imevimba kwa baridi ya Agosti. Mwololo, maskini, aliamini. Alipanda akainama akaipulizia swichi pumzi ya moto, akaifunika kwa viganja vyake viwili kama mtu anayemkanda mtoto mgonjwa. Wenzake wakaacha kucheka. Nikajaribu tena. Hakuna.

Injinia akauchukua ule ufunguo akaugeuza. Akauliza CH ni nini. Nikamwambia ni siri ya kampuni. Akasema kesho ni Ijumaa, na kama sina uwezo niseme sasa, atafute mtu mwingine kabla hajachelewa. Nikamwambia ninao uwezo tele, kilichobaki ni marekebisho.

Nikarudi mjini nimenyong'onyea. Na tumbo! Ile baridi ilikuwa imeniingia tumboni. Nikakimbilia choo chetu cha nyuma ya ngazi. Kimefungwa. Ufunguo huwa anaweka Sifuna, kwa sababu Hannah anamwamini, na Sifuna hayupo. Nikajikunja. Nikapapasa mifuko nitafute chochote. Nikautoa ufunguo wangu wa tingatinga, nikauingiza mlangoni kwa kukata tamaa.

Mlango ukafunguka. Laini kama siagi.

CH. Choo.

Kwa hiyo ufunguo bora kuliko zote nilizowahi kuchonga ni wa choo. Nilikaa mle ndani muda mrefu nikitafakari, hata baada ya haja kuisha.

Nilipotoka, Sifuna alikuwa amesimama nje, ufunguo wake mkononi. Akautazama wake. Akautazama wangu. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Aliuliza tu ni mtambo gani unaonisumbua. Nikamweleza rangi na umbo, na ule mkono wa panzi. Akauliza jina lililoandikwa ubavuni. Nikamtajia. Akauliza tarakimu za usoni mwa swichi. Nikamwambia sikuhitaji kuzisoma. Akasema haidhuru, jina linatosha. Akaenda kwenye droo yake akatoa ufunguo mdogo mwembamba akaniwekea mkononi.

"Huo hapo. Mitambo ya jina hilo yote ni ufunguo mmoja. Nenda ukauwashe, na pole na baridi."

Bure! Hakutaka hata ahsante.

Sasa ni saa ya kupumzika nyumbani, Mutuini, lakini sipumziki. Ufunguo uko mezani mbele yangu. Nani humpa adui yake ufunguo bure? Mwisho wa mwezi mmoja wetu anafukuzwa, halafu yeye anipe ushindi kama anayenipa kiberiti? Mimi si mtoto. Huu ni mtego.

Nimeuchunguza. Meno machache mno, mawili matatu tu, butu kama ya mzee. Ufunguo wa kabati una meno kuliko haya. Tingatinga lile ni la tani na tani, lawezaje kuwashwa na kijifunguo cha namna hii? Na ati mitambo yote ufunguo mmoja! Mtu gani timamu atengeneze mitambo ya mamilioni halafu yote ifunguke kwa ufunguo mmoja? Sifuna ameniona mjinga kweli.

Wangeci amenishauri niuache ulivyo. Wanawake hawaelewi mitego.

Nimeshika tupa. Nimeuongezea meno.


Ijumaa, 7 Agosti

Uliingia! Mbele ya watu wote, uliingia! Mwololo aliita jina la Bwana. Injinia Kavata alitabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikawageukia kidogo, nikapunga mkono. Nikazungusha.

Tak.

Nusu ya ufunguo ilibaki mkononi mwangu. Nusu nyingine ilibaki ndani ya swichi, imekatika pale pale nilipoongeza meno, imejibana kama kupe.

Hata mbwa walikaa chini.

Injinia akauliza nini kimetokea. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema huenda dereva aliichezea swichi jana alipokuwa akiipulizia. Ndivyo ulivyosema. Nilisikia maneno yakitoka nikataka kuyakimbiza niyarudishe.

Injinia akamgeukia Mwololo. Kabla hajauliza lolote, mkubwa wao akapiga simu. Tulimsikia hadi sisi, sauti inatoka kwenye simu kama nyuki ndani ya mkebe. Injinia alisikiliza, akasema sawa, sawa bwana, akaikata. Akamwambia Mwololo amesikitika sana, lakini ameambiwa amruhusu aende.

Mwololo hakubishana. Alivua kofia yake ngumu akaifuta kwa ile leso, akaiweka juu ya kiti cha tingatinga. Akachukua mkebe wake wa chakula. Alipofika kwangu akasimama, nikajua sasa atanipiga. Akanipa mkono. Akasema, "Asante kwa kujaribu, fundi. Si wote wangejaribu."

Nikakitazama kile kipande cha ufunguo mkononi mwangu.

Nikapiga kelele. Sikukusudia kupiga kelele, lakini ndivyo ilivyotoka. "Ni mimi! Ni mimi nilipiga tupa! Ufunguo ulikuwa mzima nikauharibu! Huyu hakugusa kitu!"

Injinia aliuliza kwa nini mtu aharibu ufunguo mzima. Nikasema kwa sababu nilipewa bure. Akasema haelewi. Kusema kweli, nilipoyasikia kwa sauti, hata mimi sikuelewa.

Nikampigia Sifuna. Nilikuwa sijawahi kumpigia, namba yake nilikuwa nimeihifadhi kwa jina la Adui. Hakuuliza maswali. Alifika na mfuko wake mdogo wa vifaa, akatia tone la mafuta ndani ya swichi, akaingiza kisu chembamba, akakitikisa, akavuta. Kipande kikatoka. Akakitazama, akayaona yale meno niliyoongeza, akanitazama. Akakitia mfukoni. Akatoa ufunguo mwingine kama ule wa kwanza. Akampa Mwololo, si Injinia, si mimi.

Mwololo akapanda. Tingatinga likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma hadi madirisha ya majirani yakatetemeka. Wapiga zege wakashangilia. Mwololo alilirudisha nyuma taratibu, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, na lori la saruji lililokuwa likingoja barabarani likaingia. Injinia akampigia mkubwa wake akamwambia mtambo umewaka na dereva ni yule yule, na kosa halikuwa lake.

Hapo Sifuna akamweleza Injinia, polepole, na sote tumemzunguka, kwamba mitambo ya jina lile inawashwa na ufunguo wa aina moja, kwamba tarakimu za swichini ndizo zinazotaja ufunguo, na kwamba kwa hiyo asiache mtambo bila mlinzi. Injinia akasema Jumatatu wanaletewa matingatinga mengine matatu ya jina hilo hilo, na angependa yote manne yawe na funguo za akiba. Akamwomba Sifuna azichonge.

Sifuna akasema yeye ana kazi nyingi. "Mpe Jamleck. Ana mkono mzuri akitulia. Nimeuona ufunguo wake mmoja, safi kabisa."

Najua ni ufunguo upi aliouona. Lakini nimepewa kazi.

Nimerudi nyumbani nimechoka. Wangeci ameniambia hivi leo nimekuwa mwanamume. Nimeona nisimweleze sehemu ya mwanzo.


Jumamosi, 8 Agosti

Stima ipo! Mashine inaimba. Nimeazima ufunguo mwingine kwa Sifuna uwe mfano, nikachonga nne zinazofanana. Kazi fupi sana. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Na hapo ndipo tatizo. Fupi sana! Nimempa nini Injinia? Vipande vinne vya shaba vinavyofanana. Mteja wa maana hupewa kitu cha maana. Hannah amepita akaniona nimekaa tu akaniuliza kama leo nimefunga kazi.

Nikafikiri hadi mchana. Likanijia, kubwa, lenye kung'aa.

Kila tingatinga liwe na ufunguo wake wa siri! Yaani nitamwambia hivyo. Mtu akimiliki mitambo minne anataka usalama. Nitamwambia nimebuni mfumo. Ufunguo wa hili hauwezi kuliwasha lile. Mfumo wa Jamleck! Ataniajiri niwe mlezi wa funguo zote za kampuni.

Kutofautisha, rangi. Nimechukua rangi za kucha za Wangeci. Nyekundu, zambarau, waridi, na moja yenye vimetameta ambayo huvaa Krismasi. Nimepaka vichwa vya funguo kwa brashi ile ndogo, ulimi nje. Zimependeza ajabu. Wangeci amerudi kutoka kwaya akakuta chupa tupu nne. Nimemwambia ni kwa ajili ya usalama wa taifa.

Aliniuliza itakuwaje Injinia akijaribu ufunguo wa moja kwenye jingine. Nikacheka. Nani hufanya hivyo? Mtu mwenye ufunguo mwekundu anataka nini kwenye tingatinga la waridi?


Jumatatu, 10 Agosti

Matingatinga manne yamejipanga Loresho kama bibi harusi na wasimamizi wake. Nilifika na funguo ndani ya kisanduku kilichowahi kuwa na soksi. Koti la Karanja nimelirudisha. Mbwa walinijua hivyo hivyo.

Nikatoa hotuba. Nilikuwa nimeikariri. Nikamweleza Injinia habari za Mfumo, alama za kidole, siri nne tofauti, wezi wa mitambo waliojaa mji mzima. Mwololo alikuwa nyuma yake, ananitazama kwa macho ya kuomba, anatikisa kichwa polepole. Nilidhani ana nzi.

Injinia Kavata alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono. Nikampa kisanduku. Akachukua ufunguo mwekundu. Akauliza huu ni wa lipi. Nikamwonyesha. Akaenda zake kwa jingine, la mwisho kabisa, la vimetameta. Akapanda.

Likawaka.

Akazima, akashuka, akapanda la waridi. Likawaka. La zambarau. Likawaka. Aliyawasha yote kwa ule ufunguo mmoja mwekundu, bila haraka, kama mtu anayewasha taa za nyumbani kwake. Mwololo alikaa chini kwenye mchanga akacheka hadi akashika mbavu.

"Jamleck," Injinia akaniambia, na lilikuwa jina langu tu, bila fundi. "Ijumaa Sifuna alinieleza hapa hapa kwamba zote ni ufunguo mmoja. Ulikuwa umesimama kando yangu."

Nilikuwa nimesimama, ndiyo. Lakini nilikuwa nikifikiria.

Alijifuta vidole. Rangi nyekundu ilikuwa inabanduka. Nilingoja anifukuze. Akasema funguo zenyewe zimechongwa vizuri, atazichukua, na hata hizo rangi zitawasaidia kujua upi umepotea. Kisha akaniomba namba ya simu.

Namba yangu! Moyo ukaruka. Nikaanza kumtajia. Akasema si yangu, ya Sifuna.

Nikampa. Ilibidi nisome kwenye simu, akaona limeandikwa Adui. Hakuuliza.

Wakati naondoka Mwololo alinikimbilia hadi barabarani. Mkewe amejifungua msichana. Wote salama. Ameniahidi muthokoi siku nitakayopita tena. Nikampa mbwa wote wawili wawe zawadi ya mtoto. Akakataa.


Alhamisi, 13 Agosti

NIMESHINDA!

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo inavyostahili. Sifuna anaondoka! Amekuja mwenyewe upande wangu wa ngazi akaniambia. Kampuni ya Injinia Kavata imempa kontena lenye dirisha kule Loresho, awatunzie funguo na swichi za mitambo yao yote. Anaanza wiki ijayo.

Akasema isingekuwa mimi kumwita ile Ijumaa, wasingemjua. Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hajui masikini kwamba amefukuzwa. Watu watasema amepandishwa cheo. Wacha waseme. Mtu asiyekuwepo ni mtu aliyeshindwa, na chini ya ngazi hizi nimebaki nani?

Nimembadilisha kwenye simu. Sasa anaitwa Sifuna Zamani.

Hannah alipopita nikamwambia sasa tatizo lake limekwisha, nimelimaliza. Akahema. Akasema angalau mmoja amebaki, na ghafla akaonekana mchovu.

Wangeci amenipikia chapati. Nilimweleza mkakati wangu wote tangu mwanzo, jinsi nilivyompeleka Sifuna Loresho hatua kwa hatua bila yeye kujua. Alinisikiliza huku amefunika mdomo kwa kanga. Amevutiwa.


Jumanne, 18 Agosti

Ngazi yote ni yangu. Nimelihamisha bango langu katikati. Wapangaji wanajikwaa nalo.

Wateja saba asubuhi, wote wakimwulizia Sifuna. Nimewaambia wote amefariki kibiashara. Mama mmoja alianza kulia, ikabidi nimfafanulie.

Lakini baada ya chakula, bahati! Amekuja bwana mmoja, suti safi, anaitwa Mwangangi. Anasimamia jengo refu la maofisi kule Upper Hill. Lifti yao imekwama kwenye ghorofa za juu, kisanduku cha kuiendeshea kimefungwa, na ufunguo haujulikani uliko. Watu wazito wanapanda ngazi kwa miguu na makasiriko. Akaniuliza kama ninajua chochote kuhusu lifti.

Nikamtazama kwa huruma. Nikamwambia amefika. Lifti ndiyo taaluma yangu hasa. Haya mengine nachonga tu kwa kujifurahisha.

Kesho asubuhi naenda kwa uchunguzi. Alitaka kunitajia jina la kampuni iliyoitengeneza, nikamnyamazisha kwa mkono.

Wangeci ameuliza kama nimewahi hata kuona sehemu ya ndani ya lifti. Nimemkumbusha kwamba niliwahi kupanda moja, nikiwa kijana, na niliiangalia vizuri sana nilipokuwa mle.

Ameinamisha kichwa mezani. Nadhani anaomba.

Sioni ugumu wowote. Tingatinga huchimba, hugeuka, hurudi nyuma. Lifti kazi yake ni kupanda na kushuka tu, na kushuka najua itashuka yenyewe.